Wanyama wa Matopeni na Uchafuzi wa Maji

Mtu akitaka kujua kama maji ya pwani ni safi, aweza kuyachota na kuyapima. Lakini maji huja na kuondoka. Uchafu uliomwagwa jana huenda leo umekwisha kuchukuliwa na mkondo. Minyoo, kombe na konokono waishio katika matope ya chini hawawezi kukimbia upesi. Kila kinachoingia majini huwapata. Kwa hiyo wao ni mashahidi wa mambo yaliyopita.

Wataalamu huchota matope, huyachekecha katika chekecheke lenye matundu madogo, kisha huwahesabu wanyama waliobaki, kila aina peke yake. Mahali pasafi kwa kawaida huwa na aina nyingi. Uchafu ukizidi, bakteria huuozesha na kuitumia oksijeni iliyomo majini. Wanyama wasiostahimili hufa. Hubaki aina chache, kama mnyoo mwembamba mwekundu aitwaye Kapitela, ambaye huzaana upesi sana. Basi wingi wa wanyama peke yake si dalili ya usafi. Tazama pia idadi ya aina zao.

Katika nchi ya Hispania liko ziwa la maji ya chumvi liitwalo Mar Menor. Ukanda mwembamba wa mchanga hulitenga na bahari. Mbolea kutoka mashambani iliingia humo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 mimea midogo sana iliongezeka hata maji yakawa ya kijani. Mwanga haukufika chini, na majani mengi ya chini yakafa. Mwezi Oktoba 2019 maelfu ya samaki, kamba na kaa walikimbilia ufukoni kwa kukosa oksijeni, wakafa.

Katika maziwa ya pwani, chumvi na joto hubadilika hata pasipo uchafu. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha sehemu mbalimbali za ziwa, na mwaka huu na miaka iliyopita. Wanyama wa matopeni wakianza kubadilika, watu hupata onyo la kuzuia uchafu kabla samaki hawajafa.

Maswali
1. Kwa nini kupima maji mara moja hakutoshi?
2. Tuseme mahali A pana wanyama 50 wa aina 12, na mahali B wanyama 200 wa aina 2. Ni wapi panapotiliwa shaka? Eleza sababu.