Gari ya okazio: kabla ya kulipa, uliza kama ina kuruwa ao sheni

Kati ya magari yanayoingia Beni na Butembo kupitia mpaka wa Kasindi, mna Toyota nyingi za okazio kutoka Japani. Mnunuzi anatazama rangi, matairi na kilometa za kwenye kontere. Mara chache anauliza neno linaloweza kumtoa pesa nyingi kesho: moteri hii inatumia kuruwa ao sheni?

Kazi yao ni moja: kuunganisha mhimili unaozungushwa na pistoni na ule wa juu unaofungua supape, ili zisigongane. Kuruwa ni mkanda wa mpira wenye meno, haupashwi kuguswa na mafuta. Sheni ni ya chuma, inazunguka ndani ya mafuta.

Mpira unazeeka hata gari ikisimama. Kwa moteri za mazutu kama 1HZ ya Land Cruiser ao 1KZ ya Prado, kuruwa hubadilishwa kati ya kilometa 100.000 na 150.000. Taa iliyoandikwa T-BELT inawaka siku ikifika, lakini fundi anaweza kuizima bila kubadilisha kitu. Kuruwa ikikatika njiani, pistoni zinapiga supape, na moteri inapashwa kufunguliwa. RAV4 za zamani zenye moteri 3S-FE ya esanse zina bahati: moteri inazimika tu, bila supape kupinda.

Probox ya moteri 1NZ, RAV4 za tangu mwaka 2000 na Noah za tangu 2001 zina sheni. Wauzaji wanasema sheni haibadilishwi maisha yote. Ni nusu ya ukweli. Kinachoikaza ni nguvu ya mafuta ya moteri. Mafuta yakichafuka ao yakipunguka, sheni inalika, inarefuka, na mwisho inaweza kuruka meno. Kuibadilisha ni kazi ndefu kuliko kuruwa, kwa sababu fundi anafungua uso wote wa moteri.

Kwa hiyo dereva wa teksi anayeahirisha vidanje kila mwezi hana faida ya kukimbilia sheni. Mwenye kushika hesabu ya kilometa zake anaweza kuishi vizuri na kuruwa, kwani gharama yake inajulikana mbele.

Shida ni kontere, ambayo inaweza kurudishwa nyuma. Gari ya kuruwa isiyo na karatasi za garaji, ni vema kuhesabu kwamba kuruwa imekwisha, na kuondoa bei yake kwenye bei ya gari. Kwa moteri kama 3S, pompi ya maji inazungushwa na kuruwa hiyohiyo. Inafaa kubadilishwa siku moja, vinginevyo kazi inalipwa mara mbili.

Kwa sheni, sikio ndilo linapima. Gari ikiwashwa asubuhi moteri ikiwa baridi, sauti ya chuma inayogongagonga kwa sekunde kadhaa ni alama mbaya. Moteri ikisha kupata moto, sauti hiyo inaweza kupotea. Muuzaji akiwa amekwisha kuiwasha kabla mnunuzi hajafika, ni heri kurudi kesho yake mapema.