Ubao gani utabeba magunia yetu? Tuupime mbele ya kulipa



Katika depo moja tuliyotembelea, mbao zilizobeba magunia ya kahawa zilipinda polepole mpaka zikagusa sakafu ya simenti. Magunia ya chini yakanyonya unyevu, kahawa ikaota kuvu. Mbao hazikuvunjika. Zilikuwa laini tu, na hakuna mtu aliyezijaribu siku ya kununua.

Kwa macho, mbao mbili za mkaratusi zinafanana, lakini moja inaweza kupinda mara mbili kuliko ingine. Hata wale wa Ulaya na Marekani wenye kutengeneza ndege ndogo za kurusha ndani ya nyumba, zenye gramu chache tu, hawaamini macho. Kila kipande cha mti wa balsa wanakipima uzito, kisha wanakipinda. Sisi pia tunaweza, bila mashine.

Tufanye hivi:

1. Tupange matofali mahali pawili, umbali wa metre 2, tulaze ubao juu yake.
2. Tupime toka chini mpaka kwenye ubao, pale katikati.
3. Tutundike katikati bido ya litre 10 iliyojaa maji, tupime tena. Tofauti ya vipimo viwili njo kupinda kwake.

Ubao mkavu wa mkaratusi, upana santimeta 20 na unene santimeta 2, unashuka karibu santimeta 1. Ukishuka 2, iko laini.

Tulinganishe mbao za kipimo kimoja, sababu unene unabadilisha mengi: ubao wa unene mara mbili unapinda sehemu 1 tu ya 8. Na ubao mbichi ukibebeshwa mzigo unaendelea kushuka siku kwa siku. Tuuache kwanza ukauke kivulini.

Kama tumekwisha kununua mbao laini, tusizitupe. Tuongeze tegemeo katikati. Umbali ukiwa nusu, kwa mzigo uleule ubao unapinda sehemu 1 ya 8.

Jaribio hili halionyeshi yote. Ubao mgumu wenye ufa, fundo kubwa ao matundu ya wadudu unaweza kuvunjika ghafla. Hapo macho yafanye kazi yao.

Siku ya kununua, mmoja wetu abebe metre, mwingine abebe bido. Muuzaji wa mbao nzuri hatakataa.