Homa ya mtoto na mwezi mpevu

Makobola, Swima, Mboko: katika vijiji hivi vya kando ya ziwa, kusini mwa Uvira, mashariki mwa Kongo, pesa ya nyumba hufuata mwezi. Wavuvi wa ndagala hutoka usiku wa giza, taa zao zikiwavuta samaki. Mwezi ukipevuka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, na kwa siku kadhaa ufukweni hakuna franka. Mtoto akishikwa na homa wiki ya giza, mama anaita motari mapema. Akishikwa wiki ya mbalamwezi, ni parasetamoli ya dukani, kitambaa chenye maji, na tungoje kuche.

Maofisini husemwa kwamba mama huyu hajui. Anajua sana. Pale alipokaa na mtoto mapajani anapiga hesabu: wadogo atawaachia nani, baba yuko kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi na simu haiingii, kuku atauzwa bei gani jioni hii. Mama mkwe naye ana neno lake, nalo ni zito: ni meno hayo, au kilimi, kwanza majani. Wengine hupitia chumba cha maombi. Mara nyingi njia hizi hazifuatani, zinakwenda pamoja, sirapu asubuhi na majani jioni, na sioni ajabu yoyote hapo.

Kwa maoni yangu, kinachomrudisha nyuma kuliko majani yote ya mama mkwe ni bei isiyojulikana. Bei ya fishi, kadi ya kuandikishwa, anaijua. Lakini vipimo je? Serumu? Damu, ikihitajika? Kongo nzima watu wanasimulia habari za mgonjwa aliyepona akazuiliwa wodini mpaka ndugu walipe deni. Anayekwenda na mtoto mmoja huku wengine watatu wakiwa nyumbani hawezi kukubali kuzuiliwa. Kipindupindu ni tofauti: kwenye kituo chake katika hospitali kuu ya Uvira matibabu ni bure, na ugonjwa wenyewe umezoeleka ufukweni hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa huo, hesabu inabaki ya njia tu. Na ng'ambo, Bujumbura, ambayo ukisimama Uvira unaiona kwa macho, Burundi ilifuta malipo ya matibabu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 mwaka 2006. Homa na kifua upande huu mara nyingi bado vinalipiwa.

Dalili zisizongoja zinafahamika: mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, anapigwa na mishtuko, amelegea haamki. Kwa kifua, wahudumu wa jamii, wanaoitwa RECO, hufundishwa kumfunua mtoto tumbo na kuhesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 mpaka 11, 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka, ni hatari. Kwa kuhara, la kuangalia ni chupa. Pakiti ya chumvi ya kuhara inataka lita moja ya maji, na chupa iliyo karibu nyumbani ni ya bia ya Primus, ya sentilita 72. Ukimwaga pakiti nzima katika chupa moja, chumvi inazidi. Inatakiwa chupa moja na nyingine isiyofika nusu. Hilo likisemwa mara moja, tena kwa kuonyesha, mama halisahau.

Juu milimani hesabu ni nyingine. Hospitali ya Lemera, ambayo Denis Mukwege alikuwa daktari mkuu wake, ilishambuliwa Oktoba 6, 1996, na wagonjwa wakauawa vitandani. Tangu hapo vita vimepita na kurudi, na anayeteremka na mtoto mgongoni kwenda bondeni anauliza kwanza kama njia iko wazi leo. Halafu anauliza habari za mto. Mvua ikinyesha juu, mito inayoshuka ghafla kutoka milimani haivukiki. Mto Mulongwe ulibomoa nyumba katikati ya mji wa Uvira Aprili 2020. Maji yakijaa, mama anakaa ukingoni na mtoto wake mwenye homa mpaka yapungue, hata kama pesa anayo, imefungwa kwenye pindo la kitenge.