Presha ya mkononi na presha ya karibu na moyo

Ukipimwa presha nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, namba unazotajiwa, tuseme 145 kwa 80, ni za mshipa wa mkono. Lakini moyo, ubongo na figo hukabiliana na presha iliyomo kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Wataalamu huiita presha ya kati.

Namba ya chini hukaribiana kote kuwili. Namba ya juu ndiyo hutofautiana: wimbi la presha linapotoka moyoni kwenda mkononi, kilele chake hupanda. Kwa kijana, tofauti inaweza kufika milimita 20 za zebaki au kuzidi. Umri ukisogea, aota hukakamaa na tofauti hupungua. Hivyo mwanafunzi na bibi yake wanaweza wote kuonyesha 145 mkononi, ilhali moyo wa bibi ndio unaosukuma dhidi ya presha kubwa zaidi.

Hata dawa za presha hutofautiana katika kushusha presha ya kati. Utafiti wa CAFE, uliochapishwa mwaka 2006, ulilinganisha tiba yenye msingi wa dawa ya amlodipini na ile yenye msingi wa atenololi. Mkononi presha zilikaribia kuwa sawa, lakini presha ya kati ilikuwa chini kwa takriban milimita 4 kwa waliopewa amlodipini.

Kipimo cha moja kwa moja huhitaji mrija unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye aota, kazi ya hospitali kubwa. Siku hizi zipo mashine zinazotumia mkanda wa kawaida wa mkononi. Mashine hupima presha kwanza, kisha hujaza mkanda upepo tena na kuushikilia kwa sekunde chache, ikinasa mapigo madogo ya mshipa. Kutokana na umbo la mapigo hayo, programu hukadiria presha ya aota. Haihitaji fundi wa kushika kihisio juu ya mshipa, hivyo inafaa zahanati na kambi za upimaji.

Hata hivyo, hesabu hiyo huegemea namba za mkononi. Zikikosewa, na makadirio hukosewa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkono unaoning'inia pia, na maongezi vilevile. Mpimwaji akae dakika tano akiwa ameegemea kiti, miguu sakafuni, kibofu kitupu, mkono wazi ukiwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja.

Miongozo ya kuanzisha dawa bado hufuata presha ya mkononi. Presha ya kati ni nyongeza yenye thamani, hasa kwa kijana ambaye namba yake ya juu pekee imepanda, lakini peke yake isimwanzishie wala kumwachisha mtu dawa. Wanaonunua vifaa vya jamii waanze na mashine zilizothibitishwa na mikanda ya saizi zote. Nawe msomaji, ukifika kupimwa, dai dakika zako tano za kupumzika na mkanda unaokutosha.