Ni fukusi au ni mawingu? Funzo la Ziwa Victoria kwa minazi yetu

Pale Dagoretti Corner, Nairobi, Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Naivasha, ndipo yalipo makao makuu ya idara ya serikali ya hali ya hewa. Sisi watu wa pwani tunaokaa huku bara twapita pale kila siku tukiwaza foleni ya magari tu. Mimi nikiona lango lile hukumbuka ubishi wa wanasayansi waliouliza: ni nani aliyeyamaliza magugumaji ya Ziwa Victoria, mdudu au hali ya hewa?

Magugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia Novemba 1998, upande wa Kisumu, Ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa zaidi ya hekta 17,000. Mitumbwi ilishindwa kufika ufuoni.

Dawa moja iliyotumiwa ilikuwa mdudu: fukusi wa aina mbili, nao wa asili ya Amerika Kusini. Uganda ilianza kuwaachilia mwishoni mwa 1995, Kenya mwanzoni mwa 1997. Fukusi mzima ana urefu wa milimita chache na hukwangua jani tu. Buu lake ndilo hatari: hutoboa kikonyo cha jani mpaka kwenye moyo wa mmea, maji na kuvu vikaingia, mmea ukaoza na kuzama.

Kufikia 2000, magugu ya Winam yalikuwa karibu yametoweka, na fukusi akapewa sifa. Mwaka 2005 watafiti kadhaa wakapinga. Walisema El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mawingu mengi, na mmea ule wahitaji jua. Mwaka 2007 wengine wakajibu kwamba kazi ni ya fukusi. Mimi naona hawa wa pili wana hoja nzito, kwani magugu ya Winam yalifika kileleni baada ya mvua zile kwisha. Lakini mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, magugu yakarudi. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi, na mmea ukizama fukusi naye hukosa chakula. Mdudu hupunguza idadi, hamalizi.

Ubishi ulikuwa mgumu kwa sababu mambo yote mawili yalitokea wakati mmoja. Njia ya kuyatenganisha ni kuchukua vipande viwili vinavyofanana, kimoja kikakingwa na wadudu kwa wavu au dawa, kingine kikaachwa. Jua ni lile lile, mvua ni ile ile. Kisha watu huhesabu kwa miaka: mingapi imekufa, mingapi imezaa, mingapi imeota upya. Jani kuliwa si mmea kufa.

Sasa tuje nyumbani, kwa chonga. Mdudu huyu hutoboa kilele cha mnazi, na makuti yakichanua huonekana kama yaliyokatwa kwa mkasi. Mnazi mkubwa waweza kuishi naye. Mnazi mchanga, akiufikia moyo, hufa. Kwa hivyo anayetaka kujua kama chonga anapunguza minazi asitazame makuti ya juu, atazame miche.

Barazani twasema chonga ametumalizia minazi. Huenda. Lakini minazi yetu mingi ni mizee na haikupandwa badala yake, ukame umeingia, na mingine imekatwa mbao. Tukimtwika mdudu makosa ya ukame na ya msumeno, tutanunua dawa mwaka baada ya mwaka na mashamba yataendelea kuwa matupu.

Basi, ndugu zangu, afisa wa kilimo akija na dawa, muulizeni kwa adabu: lililonyunyiziwa na lisilonyunyiziwa, tofauti yake ni miche mingapi iliyopona? Hata mkulima mwenyewe aweza kupima. Panda miche ishirini siku moja, shamba moja. Kumi ikague kila wiki, umtoe chonga kwa waya; kumi iache. Baada ya miaka miwili, hesabu. Ikiwa yote inakufa sawa, adui si chonga, na pesa ya dawa afadhali iende kwenye maji.