Kuwahi maombi ya chuo: hesabu ambayo wazazi wa Malaz hawaambiwi

Kila ifikapo Septemba, katika nyumba za Waafrika Mashariki wanaoishi Malaz mjini Riyadh, mazungumzo huwa ni yale yale. Baada ya sala ya Isha kahawa humiminwa, wazazi wenye watoto wa mwaka wa mwisho wa shule hukaa pamoja, na haukawii mmoja wao kutoa simu na kuwasomea wenzake ujumbe alioletewa na wakala: mtoto akiomba chuo cha Marekani mapema, uwezekano wa kukubaliwa ni mara tatu ya yule anayeomba baadaye. Hapo hapo mwingine huitikia kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mjadala hugeuka kuwa wa haraka, tena wa fedha.

Mazungumzo hayo tumeyasikia Riyadh, na tumeyasikia Jeddah pia. Tumeona ni vyema tuifungue hesabu hiyo mbele ya wasomaji wetu, walio ugenini na walio nyumbani, kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo na mna mtego.

Kwanza tueleze kwa nini haraka hiyo ipo. Malaz si mtaa mgeni katika mambo ya elimu ya juu, kwani chuo kikuu cha King Saud, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilikuwa na majengo yake hapa kabla ya kuhamia upande wa Diriyah katika miaka ya 1980. Hata hivyo nafasi za vyuo vya serikali kwa watoto wa wageni ni chache, na familia nyingi hujua mapema kwamba mtoto atasoma nje. Juu ya hayo kuna ada ya wategemezi. Ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikawa inapanda mwaka hadi mwaka mpaka ikafikia riyali 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto wanne akipiga hesabu ya kiwango hicho atapata riyali 24,000 kwa mwaka, kabla hajagusa kodi ya nyumba wala ada ya shule. Baba wa namna hiyo akiambiwa kuna njia ya kulimaliza jambo la mtoto mkubwa ifikapo Disemba, lazima asikilize.

Sasa tuje kwenye awamu zenyewe. Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi ya mapema hadi tarehe mosi au 15 Novemba, na majibu hutoka katikati ya Disemba. Awamu ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu yake yakatoka mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili. Maombi ya mapema nayo si ya aina moja. Yako ya wazi, ambayo kwenye fomu huandikwa kwa herufi EA; mtoto akikubaliwa anaruhusiwa kungoja na kulinganisha hadi tarehe mosi Mei. Na yako ya ahadi, yanayoandikwa ED, ambapo mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule hutia saini kwamba mtoto akikubaliwa atakwenda chuo hicho na kuondoa maombi yake kwingine kote. Harvard na Yale hutumia njia ya tatu: mtoto hafungwi kwenda huko, ila haruhusiwi wakati huo kuomba mapema katika vyuo vingine binafsi vya nchi hiyo. Herufi moja tu ndiyo inayotofautisha EA na ED, na wapo wazazi waliotia saini bila kuuliza ilikuwa na maana gani.

Tuchukue takwimu za Harvard kwa wanafunzi waliotarajiwa kuhitimu mwaka 2028. Waliowahi walikuwa 7,921, na kati yao 692 walikubaliwa, sawa na asilimia 8.7. Kwa jumla waombaji walikuwa 54,008 na waliokubaliwa 1,937. Ukiwatoa waliowahi, wanabaki waombaji 46,087 na nafasi 1,245, yaani kama asilimia 2.7. Mara tatu ya wakala imetoka hapo, na kwa hesabu ya shule ya msingi hakusema uongo. Brown, ambacho hutumia njia ya ahadi, pengo lake linakaribia hilo: mwaka huo huo kiliwakubali 898 kati ya 6,244 waliowahi, sawa na asilimia 14.4, wakati kwa jumla kilikubali asilimia 5.2 tu.

Wakala hakusema ni akina nani hao waliowahi. Katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard kuhusu udahili, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitolea hukumu mwaka 2023, chuo kililazimika kufungua majalada yake ya miaka sita. Yalionyesha kwamba wanamichezo waliokwisha kuteuliwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86, na watoto wa waliosoma hapo kwa karibu asilimia 33. Watu wa makundi hayo kwa kawaida huwahi: kocha ameshamwambia kijana aombe lini, na baba aliyesoma hapo anaijua kalenda kwa moyo. Wakiwa wengi katika awamu moja, asilimia ya awamu nzima hupanda, kama vile wastani wa mishahara ya jengo unavyopanda akihamia mkurugenzi ghorofa ya juu. Bawabu haongezewi hata riyali moja.

Hatusemi kwamba kuwahi hakuna faida yoyote. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu cha utafiti juu ya suala hili, wakaona kwamba hata ukilinganisha wanafunzi wenye sifa zinazofanana, aliyewahi alipata msukumo unaokaribia alama 100 za mtihani wa SAT. Huo ni msukumo mkubwa. Harvard na Princeton wenyewe walitangaza mwaka 2006 kwamba wanaifuta awamu ya mapema kwa kuwa inawapendelea wenye uwezo. Mwaka 2011 wakairudisha. Vyuo huipenda kwa sababu ya wazi: mwanafunzi aliyetia ahadi hana pa kwenda, na chuo hujua Disemba tu ni viti vingapi vimeshapata mwenyewe.

Kwa familia zetu, hata hivyo, swali la kwanza si kukubaliwa. Ni nani atakayelipa? Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji akiwa mgeni, huangalia mfuko wa mzazi kabla ya kuamua. Mtoto anayehitaji msaada mkubwa anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo, awahi asiwahi. Vinavyotangaza kwamba havimpimi mgeni kwa mfuko wake ni vichache, miongoni mwao Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kisha Dartmouth na Bowdoin vikajiunga mwaka 2022, na Brown kuanzia maombi ya mwaka 2024. Mzazi aanze na orodha hiyo, ndipo aulize habari za Novemba. Na aliyetia ahadi ajue kwamba ameacha nguvu ya kulinganisha. Ni kweli kwamba msaada ukiwa mdogo mno chuo humwachia mtoto, lakini mzazi huyo anakuwa na barua moja mkononi, wala hana ya pili ya kusema "wenzenu wametupa zaidi".

Yaliyotokea Disemba 2025 yanatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Wiki zile zile ambazo majibu ya awamu ya mapema hutoka, tarehe 16, Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, na kuanzia tarehe mosi Januari 2026 utoaji wa viza mpya za wanafunzi kwa raia wake ukasitishwa. Burundi, Somalia na Sudan zilikuwa zimekwisha kuwekewa vikwazo tangu Juni mwaka huo. Kenya na Uganda hazikuwamo. Yaani watoto wawili wa jengo moja hapa Malaz, darasa moja na alama sawa, wangeweza kupokea barua njema siku moja, mmoja akaenda kuomba viza na mwenzake akabaki na barua yake. Ubalozi huangalia pasi ya kusafiria. Iqama ya Riyadh haibadilishi uraia wa mtu. Kabla ya kutia saini yoyote, mzazi aangalie sheria ya viza ilivyo siku hiyo, asitegemee ilivyokuwa mwaka wa kaka yake.

Uingereza nako kuna tarehe ya mapema inayochanganywa na hii. Anayetaka Oxford, Cambridge, au udaktari katika vyuo karibu vyote, lazima maombi yake yafike ifikapo 15 Oktoba. Hapo hakuna bahati ya ziada kwa aliyewahi, ila aliyechelewa amekosa mwaka mzima. Kwa masomo mengine tarehe ni ya Januari (kwa walioomba kuanza 2026 ilikuwa tarehe 14), na aliyeleta Septemba na aliyeleta wiki ya mwisho hupimwa kwa mizani moja.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba awamu ambayo kuwahi kuna faida ya kweli, tena kwa mtoto yeyote, haizungumzwi sana kwenye vikao vya kahawa. Ni ile ya nyumbani. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wa Tanzania hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, chini ya kalenda ya TCU, kwa awamu zinazoanza Julai. Awamu ya pili hugawa kilichobaki, na kozi zinazogombewa kama udaktari wa Muhimbili hazina kawaida ya kubaki. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Asipothibitisha, nafasi inaweza kumponyoka.

Mtoto wa Malaz hukwama hapo kwa sababu ya karatasi. Cheti chake ni cha Uingereza au cha India, na kabla ya chuo kumpokea lazima Baraza la Mitihani, NECTA, litamke kinalingana na kiwango gani cha Tanzania. Wa shule za India wana nafuu, kwani matokeo ya darasa la 12 hutoka Mei. Wa mtihani wa Uingereza hupata yake katikati ya Agosti, wakati awamu ya kwanza imefungwa au inafungwa, kwa hiyo hana budi kuiandama ya pili. Lakini cheti chake cha kidato cha nne anacho tangu miaka miwili nyuma, kimelala kwenye faili chumbani. Ulinganisho wa hicho unaweza kuombwa hata Ramadhani hii, na aliye likizo Dar es Salaam au Unguja akabebeshwa nakala.