Yufoniamu ya mwanafunzi wa chuo: mambo ya kuangalia Kariakoo kabla ya kutoa hela

Mtoto amepata nafasi ya kusoma muziki chuoni. Huenda ni TaSUBa kule Bagamoyo, huenda ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Makumira mkoani Arusha. Baada ya wiki chache anapiga simu nyumbani: anahitaji yufoniamu yake mwenyewe. Nyumbani mmeuza mahindi au ng'ombe, na hela hiyo haitapatikana mara ya pili mwaka huu. Makala hii inakueleza wewe msikilizaji, hata kama hujawahi kushika chombo hicho, namna ya kuhakikisha hela haipotei.

Yufoniamu ni nini?

Ni tarumbeta kubwa la shaba ya njano, linalopakatwa kama mtoto, mdomo wake mpana ukitazama juu. Bomba lake likinyooshwa lina urefu wa karibu meta 2.7, sawa na la tromboni. Tofauti ni kwamba bomba la yufoniamu hupanuka mapema, ndiyo maana sauti yake ni nene na laini. Usiichanganye na baritoni. Baritoni ina urefu uleule na inafanana nayo kwa mbali, lakini bomba lake ni jembamba zaidi na sauti yake ni nyepesi. Dukani zote mbili zinaweza kuitwa "tarumbeta la besi", kwa hiyo jina pekee lisikutoshe.

Anza na mwalimu, si na duka

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwambie mwanafunzi amuulize mwalimu wake mambo matatu. Je, chuo kina yufoniamu ya kuazima kwa mwaka wa kwanza? Je, masomo yanataka chombo chenye pistoni tatu au nne? Je, kidomo cha kupulizia kiwe cha shina dogo au kubwa? Jibu la swali la kwanza linaweza kukuokolea gharama yote kwa miezi kadhaa. Uliza pia kanisani, maana sharika nyingi zenye bendi ya matarumbeta huwa na chombo kimoja kisicho na mpigaji.

Pistoni tatu, nne, na za fidia

Pistoni ni vile vibonyezo vinavyofungua mirija ya ziada ili sauti ishuke. Bei ya chombo hufuata zaidi pistoni hizo.

Chenye pistoni tatu ndicho cha bei ya chini, kwa mfano Yamaha YEP-201. Kasoro yake ni kwamba mpigaji akibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, au zote tatu, sauti hupanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa bendi ya harusi haisumbui sana. Kwa mtihani wa chuo inasumbua.

Chenye pistoni nne, kama Yamaha YEP-321, hutibu kasoro hiyo kwa sehemu kubwa. Pistoni ya nne huchukua nafasi ya ile ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, na humfikisha mpigaji kwenye sauti za chini zaidi.

Daraja la juu ni zile zenye mirija ya fidia, ambayo husahihisha sauti yenyewe pistoni ya nne inapobonyezwa. Utaratibu huo ulibuniwa na David Blaikley huko Uingereza katika miaka ya 1870. Zikiwa mpya kutoka kampuni kubwa, bei yake ni maelfu ya dola za Marekani. Viwanda vya China, kama Jinbao wa Tianjin, hutengeneza za mtindo huo kwa bei ndogo zaidi, lakini ubora wake hutofautiana kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kila kimoja lazima kipimwe.

Kwa familia nyingi, chaguo la busara ni pistoni nne bila fidia, iliyotumika lakini ikatunzwa. Hiyo inamtosha mwanafunzi kwa kazi nyingi za miaka ya mwanzo, na ikiwa ni ya jina linalojulikana, ataiuza baadaye bila hasara kubwa.

Ukifika Kariakoo

Maduka ya muziki ya Kariakoo yanauza zaidi spika, vinanda na magitaa. Yufoniamu ni haba, na mara nyingi utaambiwa iagizwe. Ukionekana mgeni, winga atakushika mkono akupeleke dukani, na ujira wake utaongezwa kwenye bei yako. Mkatalie kwa adabu. Mwanafunzi aende na mwalimu au mpigaji mzoefu, aingie maduka matatu au zaidi, na asilipe siku ya kwanza. Aulize pia kwenye bendi za matarumbeta zinazopiga kwenye misafara ya harusi, kwa kuwa wapigaji ndio wanaojua nani anauza.

Vipimo vitano

Kwanza, bonyeza kila pistoni na uiachie. Irudi juu haraka bila kukwama wala kukwaruza. Pistoni iliyolika ni gharama kubwa kuitengeneza.

Pili, vuta mrija wa pistoni moja polepole bila kubonyeza, kisha bonyeza pistoni yake. Ukisikia mlio kama kizibo kinachotoka, hewa haivuji. Kukiwa kimya, kuna mvujo. Rudia kwa kila pistoni.

Tatu, mirija yote ya kurekebishia sauti itoke kwa mkono. Iliyoganda inaweza kuvunjika ikilazimishwa.

Nne, angalia bomba. Kubonyea kwenye mdomo mpana hakuathiri sana sauti, lakini kubonyea karibu na kidomo kunaathiri. Madoa mekundu kwenye shaba ni dalili kwamba inaoza.

Tano, pakua kwenye simu programu ya kupimia sauti. Mpigaji apulize bila kubonyeza kitu. Simu ionyeshe Bb, au A#, ambayo ni sauti ileile. Kisha apige F ya chini kwa pistoni ya nne, na E ya chini kwa ya pili na ya nne. Sauti ikikataa kukaa hata akirekebisha mrija, acha chombo hicho hata kama kinang'aa kama kipya.

Malipo na matunzo

Bei haiishii kwenye chombo. Tenga hela ya kidomo, mafuta ya pistoni na sanduku gumu, maana safari ya basi hubonyeza shaba kirahisi. Kikiagizwa kutoka nje, hesabu usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Dukani dai risiti ya EFD, na andikiana na muuzaji kwamba chombo kikiwa na kasoro kitarudishwa. Usitume hela kwa simu kwa mtu uliyeona picha yake mtandaoni tu.

Kikiharibika, usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Gerezani, hata kama ni hodari. Viungo vya chombo hiki vimeunganishwa kwa risasi inayoyeyuka kwa joto dogo, na moto wa gesi utaachanisha viungo vya jirani. Tafuta fundi wa matarumbeta kupitia bendi. Pistoni zisipakwe mafuta ya kula wala ya injini. Kila pistoni ina namba yake na irudishwe kwenye tundu lake.

Chombo kizuri kinaweza pia kumsaidia mwanafunzi kujitegemea, kwa sababu harusi za Dar es Salaam hazijaacha matarumbeta. Akifanya vipimo hivi vitano na mwalimu akiwa pembeni, atume majibu nyumbani, ndipo hela itoke.